Barua Aliyoiandika Marehemu

Barua ilirudi kwa mara ya nne saa mbili na dakika kumi asubuhi, na safari hii Nyamizi aliipiga meza ngumi mpaka kikombe cha chai kikaruka.

"Kosa 550," kioo cha kompyuta kikaandika kwa wino mwekundu. "Barua imekataliwa. Mtumaji haaminiki. Usijaribu tena."

"Haaminiki nani?" akakiuliza kioo. "Mimi? Miaka kumi na sita naendesha posta hii, leo ndiyo siaminiki?"

Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la ushirika wa wafuga nyuki wa Sikonge. Kilinuka nta mwaka mzima, na pembeni seva ilikuwa inanguruma tangu enzi za mwenyekiti wa kwanza. Mji mzima, watu elfu tisa, ulituma barua zake kupitia mashine hiyo moja, na fundi wake alikuwa Nyamizi peke yake. Barua ikikwama, watu hawakuuliza seva ina nini. Walimuuliza yeye ana nini.

Na hii iliyokwama haikuwa barua ya kuulizana hali. Zilikuwa kurasa tatu: vipimo vya damu vya mumewe Nkwabi, sahihi ya daktari, na sahihi ya Nyamizi mwenyewe kama mdhamini. Kule Dodoma, kiwanda cha viungo vya mwili kilikuwa kimemaliza kumwoteshea Nkwabi figo, miezi saba ndani ya tangi, kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Figo ikishaiva haisubiri mtu. Kama barua ya kukubali isingefika hadi saa kumi alasiri ya siku hiyo, ingetupwa, kwa kuwa haikumfaa binadamu mwingine yeyote, na zamu nyingine ingekuja baada ya mwaka na nusu. Daktari alikuwa ameshawaambia waziwazi kwamba Nkwabi hana mwaka na nusu. Hata miezi miwili aliitaja kwa kusitasita.

Utasema, si apige simu tu? Angepiga, na angepokelewa vizuri, na angepewa pole nyingi. Lakini tangu mashine zilipojua kuiga sauti ya mtu na sura yake mpaka mama mzazi akadanganyika, hakuna ofisi iliyotenda jambo kwa neno la simu. Waliishia kukuambia lete barua. Na barua iliyosikilizwa ni ile iliyobebwa na Tarishi. Kampuni hiyo moja ilibeba barua tisa katika kila kumi, za hospitali, za mahakama, za malango ya miji. Tarishi akikukataa, umekataliwa.

Basi Nyamizi akavuta kiti na kuanza kutafuta ugonjwa, hatua kwa hatua. Kwanza akatuma barua fupi kwa wabeba barua wadogo, wale wenye wateja wachache. Zote zikafika. Kwa hiyo seva ni nzima, na anayekataa ni Tarishi peke yake. Akaangalia orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la Sikonge. Ilikuwa sahihi. Akaangalia ile sahihi ya siri ambayo seva hugonga juu ya kila barua, ili apokeaye ajue haikuchezewa njiani. Ilikuwa sahihi pia. Akapekua kumbukumbu kuona kama kuna mtu ameibiwa nywila na wahuni wakaitumia kumwaga barua za ulaghai. Hakuna. Akajaribu hata kuipitishia Tabora mjini, kwa rafiki yake fundi wa kule. Ikarudi ndani ya dakika moja, maana Tarishi haangalii barua imepita njia gani. Anaangalia imetoka kwa nani.

Saa nne ikapiga. Foleni ilikuwa na barua mia mbili na sita zilizokwama, ya Nkwabi ikiwa juu kabisa.

"Nimekagua kila kitu," akajisemea. "Kila kitu kiko sawa. Sasa nifanye nini, jamani?"

*

Tarishi hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa na Mhudumu, mashine yenye adabu ya kuudhi, na ilikuchukua dakika arobaini kuipata.

"Habari za asubuhi, Mama Nyamizi," Mhudumu akaandika. "Pole kwa usumbufu. Mji wako umezuiwa tangu alfajiri kwa udanganyifu wa daraja la kwanza."

"Udanganyifu gani?"

"Kujifanya marehemu. Naambatanisha mfano."

Nyamizi akaufungua mfano, akasoma mstari wa kwanza, akaegemea kiti. Alitaka kucheka na kulia, vyote pamoja.

"Ndugu zangu," barua ilisema, "mimi Mihayo Kasanda nimefika salama. Njia ilikuwa na vumbi. Nimesahau viatu vyangu vya ngozi, na yule aliyevivaa kwenye mazishi yangu avilete mwenyewe, nafasi ya kulala ipo. Msilie sana. Huku nimewakuta wote mliokuwa mkinisengenya, na tunaelewana."

Hakuhitaji kuuliza nani kaiandika. Wiki tatu zilizopita walimzika Mzee Mihayo, mwenyekiti mstaafu wa ushirika, na kwa kuwa marehemu alikuwa Mnyamwezi, watani wake Wazaramo walikuwa na haki yao msibani. Katika Sikonge nzima Mzaramo wa maana alikuwa mmoja tu, Kondo Mwinshehe, fundi cherehani mwenye miaka sabini na moja. Mzee huyo alifanya kazi ya watani kumi. Alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea, akajilaza kando ya kaburi na kugoma kuondoka mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wakilia walishika mbavu. Mjane mwenyewe alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na watu wakasema haya, sasa atalala.

Halafu jioni ile Kondo akaja posta. "Mtani, nifungulie sanduku la huyu mzembe," akasema. "Ana ndugu kila kona na hawakuja. Nao wana haki ya kucheka."

Ufunguo wa masanduku yote ulikuwa kwa Nyamizi. Akalifungua. Akakaa pembeni huku Kondo akichapa kwa kidole kimoja, akamsahihishia hata herufi, akacheka mpaka machozi. Ni Nyamizi mwenyewe aliyebonyeza kitufe, barua ikaenda kwa watu elfu moja mia tisa na kumi na nne, kila jina lililokuwa kwenye kitabu cha marehemu. Wengi walicheka na kuijibu. Lakini walikuwepo wajukuu waliozaliwa mbali, ambao utani hawajawahi kuuona hata siku moja, na wao waliona jina la babu yao aliyezikwa juzi likiwaandikia. Wakaogopa. Wakabonyeza kile kitufe cha kuripoti barua ya hatari, mmoja baada ya mwingine, na jana usiku idadi yao ikafika pale Tarishi anapoacha kuuliza na kufunga mji mzima.

"Ule ulikuwa utani," Nyamizi akaandika. "Ni mila. Mtani wa marehemu anamwigiza msibani ili wafiwa wapumue. Hakuna aliyedanganywa."

"Asante kwa maelezo. Je, barua iliandikwa na marehemu Mihayo Kasanda?"

"Marehemu ataandikaje?"

"Nimeelewa. Basi iliandikwa na mtu mwingine kwa jina lake. Huo ndio udanganyifu."

"Unanisikiliza kweli wewe?"

"Nakusikiliza, Mama Nyamizi. Una njia mbili. Unaweza kusubiri uchunguzi, siku tisini. Au unaweza kujaza fomu ya kujisafisha, na mji utafunguliwa ndani ya nusu saa."

Fomu ilikuwa fupi mno. Ilitaka jina la mtu mmoja aliyehusika, na chini yake maneno haya: mhusika atafungiwa daima kuanzia dakika fomu itakapopokelewa.

Nyamizi alijua maana yake, kama kila mtu alivyojua. Mwanzoni mwa kazi yake aliwahi kumwona mama mmoja aliyefungiwa. Hakutuma barua wala hakupokea. Hakuweza kuwa mdhamini wa mtu, na sahihi yake popote ilipokuwa ikawa si kitu. Na hakutoka tena mjini, kwa sababu lango husoma uso wako na kutafuta barua yako ya ruhusa, na yeye hakuwa na barua. Aliishi hivyo miaka tisa, kati ya lango la mashariki na lango la magharibi.

Akaitazama saa ukutani. Saa tano na robo.

*

Hospitali haikuwa mbali, na alikwenda mbio, kanga mkononi. Daktari Felista Ntirukigwa alimpokea mlangoni mwa wodi.

"Imekwenda?"

"Haijakwenda, daktari." Akamweleza yote pale pale, kwa haraka, akiruka maneno.

Felista alielewa mara moja. Alikuwa Muha wa Kasulu, na mila ya watani hakuhitaji kufafanuliwa. "Hakuna namna nyingine? Nimtume mtu na gari?"

"Gari litapita lango kwa barua gani?"

"Kweli." Daktari akajifuta uso. "Dada Nyamizi, mimi siwezi kukuamulia. Ila nikuambie ukweli, jana usiku hali yake haikuwa nzuri. Figo hii ikitupwa, sina kingine cha kumpa."

Nkwabi alikuwa macho. Miguu ilikuwa imevimba na uso umekuwa wa rangi ya majivu, lakini alimtabasamia mkewe. Alikuwa mrina asali, mtu wa porini, na miezi minne kitandani ilimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Nyamizi akakaa ukingoni mwa kitanda na kumweleza. Hakumficha fomu wala kilichoandikwa chini yake.

Nkwabi akageuzia uso ukutani. Kondo alikuwa rafiki yake. Ijumaa zote mzee huyo alikuja wodini kumtukana, akimwambia Mnyamwezi gani huyu anashindwa kubeba hata mwili wake mwenyewe, na siku hizo ndizo Nkwabi alizokula chakula akamaliza.

"Unataka nikuambie usimtaje," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Nataka kuishi, Nyamizi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nisamehe. Nimejaribu kusema neno jingine hapa, nimeshindwa. Nataka kuishi."

Nyamizi alimshika mkono. Moyo ulimuuma kwa huruma, na alimkasirikia kidogo, na alijua yeye angesema vilevile.

"Nani amekufa humu mbona kimya?" sauti ikauliza kutoka mlangoni. Alikuwa Kondo, na kofia yake ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Kumbe habari ilikuwa imeshamfikia. Katika mji wenye barua mia mbili zilizokwama, habari hutembea kwa miguu, tena upesi.

"Shikamoo, mtani," Nyamizi akasema.

"Marahaba. Nimesikia mashine haijui kucheka. Hilo si kosa lake, imefundishwa na watu wa ovyo." Akavuta kigoda, akaketi kwa kuugulia magoti. "Haya, andika jina langu tumalize. Kondo Mwinshehe Pazi. Usikosee herufi, nisije nikafungiwa nusu."

"Mzee Kondo, na safari yako?"

Kondo akavua kofia, akaitazama ndani. Mwezi uliokuwa unakuja angerudi Maneromango, kwa dada yake wa mwisho aliyebaki, baada ya miaka thelathini na minne. Kibali cha malango yote kilikuwa tayari. Alikuwa ameshaigawa cherehani, na kila aliyepita dukani aliambiwa habari za minazi ya kwao, apende asipende.

"Dada yangu ana maneno mengi," akasema. "Labda imekuwa heri." Alicheka peke yake. Halafu mdomo ukamcheza, akavaa kofia upesi na kuivuta chini mpaka machoni.

Nyamizi akatoka nje. Akakaa kwenye benchi la korido kati ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa, na hakuna aliyemsemesha. Alijiona amebanwa, kila upande ukuta. Akinyamaza, mumewe anakufa. Akiandika jina la Kondo, mashine itaridhika, na asingekuwa amesema uongo, maana maneno ni ya Kondo kweli. Ungekuwa ukweli wa kujificha nyuma yake. Kondo aliomba sanduku, lakini ufunguo ulikuwa wa nani? Nani aliyebonyeza? Nani katika mji mzima alilipwa mshahara kwa kujua Tarishi anaona nini na haoni nini? Kondo alijua utani. Aliyepaswa kujua mashine ni yeye.

Kulikuwa na jambo moja la kuliangalia vizuri. Mdhamini wa Nkwabi alikuwa yeye. Akifungiwa, sahihi yake inakufa na karatasi zote zinakufa nayo. Ilitakiwa sahihi nyingine kwanza, ya mtu msafi, na mtu huyo ndiye angesafiri na mgonjwa.

Akafikiri mpaka akamaliza. Kisha akalia kidogo, kwa dakika mbili hivi, akajifuta kwa pindo la kanga na kurudi ndani.

"Nimepata njia," akasema, na uso wake ukamtii. "Nimekumbuka kifungu, Tarishi atakubali maelezo yangu. Ila jina langu limechafuka kidogo na huu ugomvi, kwa hiyo karatasi zinataka mdhamini mwingine. Mtani, utaweka sahihi wewe. Tutakwenda Dodoma wote watatu."

"Mimi nidhamini Mnyamwezi?" Kondo akaruka, uso ukimng'aa. "Nikidhamini mzigo si utapotea?"

Nkwabi alicheka, akakohoa, akacheka tena. Daktari Felista peke yake hakucheka. Alimtazama Nyamizi moja kwa moja, na Nyamizi akatikisa kichwa kidogo sana, asiseme kitu. Daktari akaenda kuleta karatasi mpya.

*

Saa nane na nusu alikuwa amerudi mbele ya kioo. Kurasa tatu zilikuwa kwenye foleni, na sahihi ya Kondo ikikaa pale ilipokuwa yake. Mahali palipouliza uhusiano na mgonjwa, Felista alikuwa ameandika ndugu.

"Jina la mhusika," fomu ikauliza.

Akaandika Nyamizi Kabeya Shigela.

"Mama Nyamizi," Mhudumu akaandika, "jina hili ni la fundi wa posta. Je, umeandika kwa makosa?"

"Hapana. Sanduku nililifungua mimi, na barua niliituma mimi."

"Je, unaelewa kuwa kufungiwa ni daima, na hakuna rufaa?"

Alikaa pale na mikono mapajani. Aliwakumbuka vijana aliowafundisha kazi hapo posta, waliokwenda mbali na wanaomwandikia kila mwezi. Aliogopa. Aliogopa vibaya, na kama kungekuwa na mtu pale wa kumwambia acha, angeacha.

"Naelewa," akaandika, akabonyeza.

Kioo kilizimika, kikawaka tena, na jina lake kwenye kona ya juu lilikuwa limefutika. Saa tisa kasoro dakika tano foleni ikatikisika. Barua ya Nkwabi ikaondoka ya kwanza. Zikafuata nyingine zote, mia mbili na tano, na nyuma ya kila moja neno dogo la kijani: imepokelewa. Nyamizi alizihesabu mpaka ya mwisho. Alipotaka kufungua jibu kutoka Dodoma, kioo kikamwambia hatambuliki. Ikabidi akimbie hospitali kuuliza. Alimkuta Felista kwenye ngazi, karatasi mkononi.

"Wamekubali," daktari akasema. "Wanamsubiri." Kisha akamkumbatia, kwa nguvu, na hakusema lolote la fomu.

*

Gari la wagonjwa lilifika lango la mashariki saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali. Nyamizi alikuwa amepanda. Alijua kitakachotokea, lakini alishindwa kumwacha Nkwabi kabla ya hapo, akajipa zile kilometa nne za kutoka hospitali hadi langoni.

Mashine ya lango ikawasoma. Dereva, kijani. Muuguzi, kijani. Nkwabi kwenye machela, kijani. Kondo na kofia yake, kijani. Ikamfikia Nyamizi, taa ikawa nyekundu na kubaki hapo.

Askari wa lango alikuwa anamfahamu. Akasogea dirishani, akashusha sauti. "Mama, wewe hupiti. Samahani. Sijui kumetokea nini."

"Hakuna kitu," Nyamizi akasema, na tayari alikuwa anashuka.

"Kuna nini?" Nkwabi akauliza, akijaribu kuinua kichwa. Kutoka alipolala hakuiona taa.

"Kuna karatasi moja imebaki posta. Nyie tangulieni, muda hautoshi. Nitafuata."

"Kesho?"

"Gari la kwanza nitakalopata."

Kondo alikuwa ameiona taa. Aliitazama, akamtazama Nyamizi, na rangi ikamtoka. "Wewe Mnyamwezi," akaanza. Akataka kushuka. Nyamizi akamwekea mkono kifuani na kumrudisha kwenye kiti.

"Ukimwinua, mwinue polepole," akamwambia. "Bega la kushoto linamuuma. Na usimpe chumvi hata akikuomba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni.

"Nyamizi!" Nkwabi akaita kutoka ndani. "Nikizinduka tu nitakuandikia. Kabla hata ya kunywa maji."

"Niandikie," akasema.

"Barua ndefu."

"Ndefu, mume wangu. Nitaisubiri."

Dereva akafunga mlango, na lango likafunguka.